Kuivisha Familia kwa Kipato Kidogo: Mwongozo wa Mnunuzi wa Nguo Dar es Salaam

Mtu anayerudi kutoka soko la Karume na shati alilolipia shilingi 4,000 baada ya muuzaji kuanza na 10,000 hulisimulia shati hilo wiki nzima. Hasimulii suruali mbili zilizolala kabatini tangu siku ziliponunuliwa kwa sababu kiuno hakikutosha, wala blauzi iliyotoa rangi na kuharibu shuka jeupe. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiandika katika daftari kila shilingi inayotoka nyumbani kwangu kwa ajili ya nguo, nami nimejifunza kwamba kupatana bei, jambo ambalo wakazi wa jiji hili tunalionea fahari sana, huokoa kiasi kidogo kuliko tunavyodhani. Fedha nyingi hupotea kabla mnunuzi hajapanda daladala kwenda sokoni, na nyingine hupotea kwenye beseni la kufulia. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia kabatini na kuishia kwenye kamba ya kuanikia, na soko lenyewe linakaa katikati.

Ni vizuri kwanza kuelewa kwa nini mtumba si rahisi kama zamani, maana muuzaji anaposema "mzigo umepanda" mara nyingi hasemi uongo. Belo, yaani furushi kubwa la mitumba, hununuliwa kwa dola. Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilipatikana kwa takriban shilingi 2,300, na katikati ya 2024 ilikuwa imevuka 2,600, kwa hiyo belo lilelile, lenye bei ileile huko linakotoka, lilimgharimu mwagizaji wa hapa zaidi ya asilimia 10 ya ziada. Tangu mwishoni mwa 2023 meli nyingi zinazotoka Ulaya zilianza pia kukwepa Bahari ya Shamu kwa hofu ya mashambulizi na kuzunguka kusini mwa Afrika, safari ambayo ni ndefu na yenye gharama kubwa zaidi. Ushuru wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa nguo zilizovaliwa ni asilimia 35 ya thamani au senti 40 za dola kwa kila kilo, kutegemea kipi ni kikubwa. Belo la kilo 45 basi hulipiwa si chini ya dola 18 kabla ya kodi ya ongezeko la thamani. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya walikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua ifikapo 2019, lakini Marekani ilipotishia kuondoa unafuu wa ushuru inaozipa bidhaa za Afrika chini ya mpango wa AGOA, Kenya, Uganda na Tanzania zilirudi nyuma, na Rwanda pekee ikashikilia msimamo. Mitumba ikabaki. Kilichoondoka ni urahisi wake, hivyo mnunuzi anapaswa kuwa mwangalifu zaidi kuliko mama zetu walivyokuwa.

Hatua ya kwanza: fungua kabati kabla ya pochi

Chagua siku ambayo wote wapo nyumbani, tandika mkeka, kisha toa nguo zote za familia, pamoja na zile zilizo kwenye sanduku la juu ya kabati na kwenye mabegi ya safari. Kila nguo ijaribiwe na mwenyewe. Usikubali jibu la "hiyo inanitosha" litolewe kwa mdomo tu, kwa sababu mwili hubadilika na mwenye mwili huwa wa mwisho kupata habari. Baada ya kujaribu, tenganisha mafungu: nguo zinazovaliwa kila wiki, nguo nzuri zenye kasoro ambayo fundi anaweza kuiondoa, nguo zilizombana mmoja lakini zinamfaa mdogo wake, na nguo ambazo ni nzima ila hazivaliwi.

Fungu hilo la mwisho ndilo lenye mafunzo, kwa hiyo likalie muda mrefu na uulize sababu ya kila nguo kuwamo. Nyumbani kwangu sababu zilikuwa tatu. Baadhi ya nguo hazikuwa na mwenzake wa kuvaliwa nazo, kama ile sketi ya rangi ya machungwa iliyosubiri blauzi yake kwa miaka miwili. Nyingine zilikuwa za kitambaa kizito cha poliesta ambacho katika joto la Februari la Dar es Salaam humfanya mtu ajute kabla hajafika kituoni. Lakini zilizokuwa nyingi kuliko zote, na ghali kuliko zote, zilikuwa sare za sherehe.

Jambo la sare za sherehe linastahili kusemwa wazi, ingawa wengi tunaona aibu kulisema. Katika mwaka mmoja familia ya kawaida yaweza kualikwa kwenye harusi mbili, sherehe ya kumuaga binti mmoja, kitchen party mbili na kipaimara au maulidi ya jirani, na karibu kila kamati huchagua kitambaa chake. Ukijumlisha kitambaa, ushonaji na mapambo, gharama yake huzidi mavazi ya kazini ya miezi mingi, na nguo yenyewe huvaliwa usiku mmoja. Sishauri mtu ajitenge na watu wake. Ninachoshauri ni kupanga kiasi cha sherehe za mwaka mapema na kukiweka kando, kisha kumwambia fundi ashone mtindo unaoweza kuvaliwa kanisani, msikitini au ofisini baadaye, yaani bila mkia, bila shanga nyingi na bila mabega ya kutisha. Kamati ikiwa imechagua kitambaa cha bei ambayo huimudu, mtafute mwenyekiti mapema na umweleze kwamba utavaa rangi hiyohiyo kwa nguo uliyonayo. Wengi hukubali. Asiyekubali amekwisha kukuonyesha ni kiasi gani cha mchango unaopaswa kumpa.

Ukimaliza mafungu, andika orodha ya upungufu, na uiandike kwa undani. "Mashati ya baba" si orodha. "Shati moja la mikono mirefu, la pamba, rangi ya bluu hafifu, la kuvaliwa na suruali nyeusi na ya kijivu" ndiyo orodha, kwa sababu itakuzuia kununua shati la nne la mistari kwa kuwa tu muuzaji alikuwa mcheshi.

Hatua ya pili: chukua vipimo na uvibebe

Nunua tepu ya fundi, ambayo ni kitu cha bei ndogo sana, na uiweke kwenye mkoba wako daima. Chukua nguo inayomkaa vizuri kila mmoja, ilaze juu ya meza bila kuivuta, upime upana kutoka kwapa hadi kwapa, kiuno, urefu wa mkono, na kwa suruali urefu wa mshono wa ndani kuanzia sehemu za siri hadi kwenye pindo. Andika tarakimu hizo kwenye simu au kwenye kadi. Sokoni utailaza nguo ya mtumba kwa namna hiyohiyo na kulinganisha, jambo ambalo ni la uhakika zaidi kuliko lebo. Lebo za mtumba zinatoka nchi nyingi: gauni la namba 12 la Uingereza hukaribiana na namba 40 la bara la Ulaya na namba 8 la Marekani, na nguo nyingi kutoka Asia huwa ndogo kuliko herufi zilizoandikwa. Zaidi ya hapo, nguo iliyofuliwa mara 50 imekwisha kusinyaa au kulegea, na lebo haijui hilo.

Njia ya kuzungusha kiuno cha suruali shingoni, ambayo wauzaji wengi huipendekeza, hutoa makadirio tu. Mwenye shingo nene au kitambi kipya asiitegemee.

Hatua ya tatu: amua kipi kitoke wapi

Kosa la kawaida ni kwenda mahali pamoja kwa kila kitu. Nguo za ndani na soksi zinunuliwe mpya. Shirika la Viwango Tanzania limekataza uuzaji wa nguo za ndani za mitumba kwa sababu za afya, na hata kama mtu atazikuta zikining'inia, lastiki yake imechoka na akiba inayopatikana ni ndogo mno. Suruali za kazini, makoti, jinzi, mashati ya pamba na nguo za kutembelea za watoto zitafutwe kwenye mtumba, kwa maana huko ndiko kitambaa kizuri hupatikana kwa bei isiyolingana na ubora wake. Kwa kitenge na khanga, Mtaa wa Uhuru pale Kariakoo bado ndipo mahali pa kulinganisha maduka mengi kwa mguu. Sare za shule ni suala la pekee, nami nitalirudia hapa chini.

Viatu vinahitaji hesabu. Tuseme jozi ya shilingi 15,000 hudumu muhula mmoja wa shule, na jozi ya ngozi ya shilingi 35,000 hudumu mihula minne. Kwa miaka miwili jozi za bei ndogo zitakugharimu 60,000, na ile iliyoonekana ghali itakuwa imekuokolea 25,000. Hesabu hii ni sahihi kwa mwanafunzi wa kidato cha nne ambaye mguu wake umekaribia kutulia. Kwa mtoto wa darasa la pili haifai hata kidogo, kwa sababu mguu wake utaviacha viatu hivyo kabla ya mwaka kwisha, isipokuwa kama ana mdogo wake anayevisubiri. Kwa hiyo ukisikia mtu akisema "kizuri kinadumu", muulize kwanza kinamdumia nani.

Hatua ya nne: chagua soko na siku

Karume na Tandika ni majina ya kwanza kwa mkazi wa Dar es Salaam, na Manzese na Mwenge zina wateja wao. Aliye Mwanza huenda Mlango Mmoja, na wa Moshi huenda Memorial. Bei hutofautiana zaidi kwa wakati kuliko kwa soko. Wiki ya mishahara epuka kama unaweza, na epuka siku kumi za mwisho kabla ya Idi na Krismasi, ambapo gauni la mtoto hupanda bei bila kubadilika kwa lolote. Anayejua kwamba Idi huwahi kwa takriban siku 11 kila mwaka anaweza kununua nguo za watoto miezi miwili kabla, akiacha nafasi kidogo kwa ajili ya ukuaji.

Wakati wa siku nao una maana yake. Belo likifunguliwa asubuhi, wanaowahi huchukua nguo kali kabisa, na muuzaji anajua hivyo, kwa hiyo bei ya saa mbili asubuhi ni ya watu wanaotafuta kitu maalumu au wanaokwenda kuuza tena. Nguo za kawaida, kama fulana za nyumbani, kaptula za watoto na nguo za kulalia, zisubiri alasiri, muuzaji anapomwaga kilichobaki chini na kuanza kuita bei moja kwa vyote. Utachambua sana, lakini utachambua kwa bei ya mnada. Anayeishi nyanda za baridi kama Njombe au Mbeya, akiwa na safari ya Dar es Salaam, atafute masweta na makoti huku pwani, ambako wanaoyahitaji ni wachache.

Hatua ya tano: ikague nguo kama fundi

Hapa ndipo sokoni panapohitaji muda. Ushike mwanga, maana yake utoke chini ya turubai. Turubai la bluu au la rangi ya machungwa hubadilisha rangi ya kila kitu kilicho chini yake, na madoa ya njano ya kwapa hayaonekani kabisa humo. Inua nguo juu ielekee jua: palipokonda patapitisha mwanga, na hapo ndipo itakapochanika, hasa kwenye matako ya suruali, kwenye viwiko, na mapajani kwa ndani ambako jinzi husuguana.

Baada ya hapo geuza nguo ndani nje. Angalia mishono, siyo uzuri wake tu bali pia kitambaa cha ziada kilichoachwa ndani yake. Suruali yenye kitambaa cha ziada cha sentimita mbili nyuma ya kiuno inaweza kupanuliwa. Isiyokuwa nacho haiwezi, hata fundi awe hodari kiasi gani. Vuta zipu juu na chini mara tatu. Hesabu vifungo na utazame kama kuna cha akiba kilichoshonewa ndani. Vuta lastiki karibu na sikio lako: ikitoa mlio wa kukatikakatika, mpira wake umekauka. Kola ya shati iliyochakaa ukingoni si sababu ya kuliacha shati zuri, kwa kuwa fundi mzoefu huweza kuing'oa kola na kuigeuza upande wa pili uliokuwa umefichika, kazi ambayo wazee wetu waliijua vizuri nasi tumeanza kuisahau.

Kuhusu kitambaa, lebo ya ndani ikiwapo isome, na ikiwa imekatwa tumia vidole. Pamba hukunjamana ukiifinya kiganjani na hubaki na mikunjo. Poliesta hurudi ilivyokuwa na mara nyingi hutoa sauti kavu ukiisugua. Tone la maji hunyonywa haraka na pamba ambayo haikutiwa dawa. Kwa kitambaa kipya cha dukani unaweza kuomba nyuzi mbili za ukingoni ukaziunguze nje ya duka: pamba hunuka kama karatasi inayoungua na kuacha majivu laini, poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Rangi nayo ipimwe kwa kulowesha ncha ya leso nyeupe na kuisugua mahali pasipoonekana. Ukiona leso imebadilika rangi, jua kwamba nguo hiyo itahitaji kufuliwa peke yake maisha yake yote, nawe amua kama una maji na subira ya namna hiyo.

Viatu vya mtumba vina mtego ambao hauonekani kwa macho. Soli nyingi nyepesi za raba hutengenezwa kwa poliuritheni, ambayo huozeshwa taratibu na unyevu hata kiatu kikiwa hakivaliwi, na baada ya miaka mingi ghalani soli nzima huweza kumong'onyoka katika matembezi ya kwanza. Kikunje kiatu kwa nguvu, bonyeza soli kwa ukucha, tazama kama kuna nyufa nyembamba au unga. Ngozi ya bandia iliyoanza kubanduka kama ganda la kitunguu haina dawa. Na tazama soli imeliwa upande gani, kwa sababu kiatu kilichopinda kwa mwendo wa mwenyewe wa kwanza kitakuumiza wewe.

Hatua ya sita: patana, lakini usilale sokoni

Sehemu hii ni fupi kwa makusudi. Salimia kwanza, uliza bei ya nguo mbili au tatu kabla ya ile unayoitaka, na ukishaambiwa bei taja kasoro uliyoiona kweli: "Kaka, zipu hii itanipeleka kwa fundi, nipunguzie ya fundi." Hoja ya kweli hupunguza bei kuliko kilio. Kununua vitu vitatu kwa muuzaji mmoja kwa kawaida huleta punguzo kubwa kuliko kumzungusha kwa kitu kimoja, na katika maduka mengi ya Kariakoo anayenunua kwa dazeni hupata bei ya jumla, hivyo majirani wanne wakichanga kununua dazeni ya fulana za ndani za watoto kila mmoja hupata tatu kwa bei ambayo peke yake asingeipata. Muuzaji akishafikia bei iliyo kwenye orodha yako, lipa na uondoke. Nauli ya kuzunguka masoko matatu na chakula cha mchana cha mtaani huimaliza elfu moja iliyopiganiwa nusu saa.

Kuna aina mbili za ununuzi zinazohitaji tahadhari zaidi ya kupatana. Ya kwanza ni vitenge na mashuka yanayoletwa nyumbani au ofisini kwa malipo kidogo kidogo. Kitenge ambacho dukani ni shilingi 30,000 kikikabidhiwa kwako kwa 15,000 kila mwezi kwa miezi mitatu, umelipa 45,000, yaani nusu ya bei zaidi kwa mkopo wa miezi mitatu. Hakuna ubaya kuwaunga mkono akina mama wanaozunguka na bidhaa, ila mwulize bei ya fedha taslimu kabla ya kuuliza bei ya mafungu, uone tofauti. Ya pili ni nguo za kuagiza kwa simu kutoka kwenye picha. Omba vipimo vya nguo ikiwa imelazwa, omba picha ya lebo na ya mishono ya ndani, na ulipe nguo ikiwa mkononi mwako. Anayetaka fedha yote kwanza na hataki kupiga picha ya mshono, mwache. Ongeza pia nauli ya bodaboda na makato ya kutuma fedha kwenye bei kabla hujaiita rahisi.

Hatua ya saba: sare za shule zishughulikiwe Novemba

Tangu 2016 wazazi wa shule za msingi na sekondari za serikali hawalipi ada hadi kidato cha nne, na tangu 2022 hadi kidato cha sita, lakini sare hawajaondolewa, na kila Januari mafundi wa jiji zima huelemewa kwa wakati mmoja. Peleka kitambaa Novemba, ambapo fundi ana nafasi na hawezi kudai bei ya haraka. Ukinunua kitambaa mwenyewe, uliza upana wake kabla ya kuuliza bei ya mita, kwa sababu kitambaa cha inchi 60 hutoa sketi nyingi zaidi kuliko cha inchi 45 kwa urefu uleule, na kile kinachoonekana ghali kwa mita chaweza kuwa nafuu kwa sketi. Kwa mashati meupe, tetroni ya mchanganyiko wa poliesta na pamba hukauka haraka na haidai pasi sana, jambo la maana kwa nyumba ambayo mtoto ana mashati mawili tu.

Mtoto wa shule ya msingi hurefuka takriban sentimita 5 hadi 6 kwa mwaka. Mwagize fundi aache pindo la ndani la sentimita 8 kwenye sketi na suruali, na aweke kiunoni lastiki ya matundu yenye kifungo kila upande. Pindo hilo likiachiliwa mara moja katikati ya mwaka na mara ya pili mwaka unaofuata, sketi moja huweza kuhudumu miaka miwili. Mstari wa zamani wa pindo utaonekana kidogo. Upige pasi kwa kitambaa kilicholoweshwa kwa siki iliyochanganywa na maji, utapungua sana. Usinunue sare kubwa mno kwa matumaini ya kukua, kwa maana mtoto hukanyaga suruali, huichana, na hapo akiba yote huishia kwenye kiraka.

Hatua ya nane: fundi na beseni

Peleka kwa fundi nguo zote za fungu la pili kwa mkupuo mmoja, zikiwa zimefuliwa, na kila moja ikiwa imechomekwa pini mahali pa kurekebishwa. Patana bei ya jumla na siku ya kuchukua. Kubana kiuno, kufupisha mikono na kubadilisha zipu ni kazi ndogo. Kupunguza mabega ya koti ni kazi kubwa inayogharimu pengine zaidi ya koti lenyewe, kwa hiyo koti la mtumba lichaguliwe kwa mabega, na mengine yote yatafuata.

Kila mtumba ufuliwe kabla ya kuvaliwa, uanikwe juani mara hii ya kwanza, na upigwe pasi ya moto kwenye mishono. Baada ya hapo jua litumike kwa kiasi. Jua letu la pwani hula rangi, kwa hiyo nguo za rangi zigeuzwe ndani nje na zianikwe kivulini penye upepo. Khanga na vitenge vipya vifuliwe peke yake kwa maji baridi mara mbili tatu za mwanzo, na visilowekwe usiku kucha kwenye sabuni ya unga. Jiki itumike kwa pamba nyeupe pekee, iliyochanganywa na maji mengi. Kwenye shati la tetroni huliacha na umanjano, na badala yake matone ya bluu ya kufulia kwenye maji ya mwisho hulirudishia weupe wake bila kula nyuzi. Zipu zifungwe na vifungo vifunguliwe kabla ya kufua. Masweta yalazwe juu ya taulo, yasitundikwe, yasije yakarefuka mikono kama ya mganga.

Nguo inayofikia mwisho kabisa ikatwe vipande vya kufutia madirisha na kudekia, lakini kabla mkasi haujaingia ng'oa vifungo vyote, chomoa zipu kama bado inavutika, na kata kipande cha kitambaa kizima cha ukubwa wa kiganja kwa ajili ya viraka. Vyote hivyo vitie kwenye kopo lenye kifuniko, na liandike tarehe, ili siku ya kufungua kabati tena ulianze zoezi ukiwa na kopo hilo pembeni.